Seva ya Takwimu ya Pamoja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watafiti, wachambuzi wa data na wanafunzi wa uzamili wanaofanya kazi kwenye seva moja ya Linux yenye R, Stata na foleni ya Slurm (programu inayopanga zamu za kazi). Mifano imechukua seva yenye viini 64 vya kichakataji na RAM ya GB 512. Ya kwenu ikiwa tofauti, `nproc` itakutajia idadi ya viini na `free -h` itakutajia RAM. Penye `jina` weka jina lako la mtumiaji, penye `seva` weka anwani uliyopewa.

Mashine haijui nani ana tasnifu ya kukabidhi kesho. Ukiiomba RAM yote itakupa yote, na mwenzako atakosa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu kupima kabla ya kuendesha.

Nina laptop nzuri. Kwa nini nihangaike na seva?

Kwa sababu tatu: data isiyoenea kwenye RAM ya laptop, kazi ya kukesha usiku kucha, na taarifa za watu ambazo hazifai kutembea kwenye mikoba na flashi. Kama kazi yako haina hata moja kati ya hizo, baki kwenye laptop. Wengi hushangaa modeli ndogo ikichelewa zaidi kwenye seva kuliko nyumbani. Si ubovu. Kiini kimoja cha seva mara nyingi kina mwendo mdogo kuliko cha laptop mpya. Nguvu ya seva ni wingi wa viini na ukubwa wa RAM, na msimbo usiotumia vyote viwili haufaidi chochote.

Ninaingiaje mara ya kwanza?

Kwenye Linux na Mac fungua terminali. Kwenye Windows 10 na 11 fungua PowerShell, SSH (programu ya kuingia kwenye seva kwa usalama) kwa kawaida imo tayari. Tengeneza jozi ya funguo:

`ssh-keygen -t ed25519`

Utapata mafaili mawili. `id_ed25519` ni ufunguo wa siri, hautoki kwenye kompyuta yako, haupelekwi kwa barua pepe wala WhatsApp. `id_ed25519.pub` ni kama kufuli: unaweza kumpa yeyote, na ndilo unalomtumia msimamizi alifunge kwenye seva. Ukiulizwa nenosiri la ufunguo, weka. Laptop ikiibiwa, hilo ndilo litakalobaki kati ya mwizi na data ya mradi. Unapoliandika hutaona hata nyota kwenye skrini. Herufi zinaingia, endelea tu, kisha bonyeza Enter.

Baada ya hapo ni `ssh jina@seva`.

Jana niliingia, leo inakataa. Na wenzangu wote ofisini wanakataliwa pia.

Soma maneno ya kosa, kwani kila moja lina chanzo chake. `Connection timed out` kwa kawaida ni njia: VPN haijawashwa au intaneti imezimika. `Permission denied (publickey)` maana yake umefika mlangoni ila ufunguo haukubaliki: umebadilisha kompyuta, au umelegeza mno ruhusa za folda yako ya nyumbani. SSH haiuamini ufunguo uliowekwa kwenye folda ambayo watu wengine wanaweza kuandika, kwa hiyo aliyeandika `chmod 777` kwenye folda yake ya nyumbani amejifungia nje mwenyewe.

`Connection refused` inayoanza ghafla baada ya mtu kukosea nenosiri mara kadhaa huwa ni kizuizi. Programu ya fail2ban huhesabu makosa, na kwa mipangilio yake ya kawaida makosa 5 ndani ya dakika 10 hufungia anwani ya mtandao kwa dakika 10. Ofisi nyingi hutoka nje kwa anwani moja tu, hivyo mtu mmoja akikosea mara tano anawafungia wote waliomo. Msijaribu tena na tena. Subirini dakika hizo zipite, kisha aliyekosea aombe nenosiri lake libadilishwe.

Ukiona onyo kubwa la `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`, usilipuuze. Muulize msimamizi kama seva imewekwa upya. Akithibitisha, futa alama ya zamani kwa `ssh-keygen -R seva` na uingie tena.

Mtandao ukikatika kazi yangu inakufa. Nifanyeje?

Programu uliyoianzisha ndani ya SSH imefungwa kwenye kikao chako. Kikao kikikatika, nayo hupokea ishara ya kufunga. Dawa ni tmux, inayokaa upande wa seva:

`tmux new -s lishe`

Fanya kazi yako ndani yake. Ukitaka kuondoka bila kuizima, bonyeza Ctrl na b pamoja, ziachie, kisha bonyeza d. Kesho ingia tena na uandike `tmux attach -t lishe`. Utaikuta skrini kama ulivyoiacha. Anza tmux kabla ya kazi. Kuikumbuka modeli ikiwa imeshakimbia saa tano hakusaidii.

Wanaotumia intaneti ya simu waongeze mstari huu kwenye faili `~/.ssh/config` la laptop yao, ili kikao kisionekane kimelala:

`ServerAliveInterval 60`

RStudio ya kwenye kivinjari naifikiaje?

RStudio Server kwa kawaida husikiliza mlango wa 8787. Kama mlango huo haujafunguliwa nje (na haifai ufunguliwe), chimba handaki la SSH:

`ssh -N -L 8787:localhost:8787 jina@seva`

Acha dirisha hilo wazi, kisha kwenye kivinjari andika `http://localhost:8787`. Terminali itakaa kimya bila kuonyesha kitu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Ukifunga kivinjari, kikao cha R kinaendelea. Wengi hudhani wametoka, kumbe jedwali lao la GB 90 limekaa kwenye RAM tangu Ijumaa. Kwa mipangilio ya kawaida kikao kisichotumika hulazwa baada ya dakika 120 na vitu vyake kuandikwa diski. Ukimaliza, kizime mwenyewe kwa kitufe chekundu cha kona ya juu kulia.

RStudio inazunguka tu, haifunguki.

Mara nyingi diski ya nyumbani imejaa, au R inajaribu kurudisha `.RData` kubwa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Ingia kwa SSH na uangalie:

`quota -s`
`du -h --max-depth=1 ~ | sort -h`

Mstari wa chini kabisa ni jumla ya folda yako ya nyumbani, na folda kubwa kuliko zote iko mstari wa juu yake. Futa au hamisha, kisha weka kando folda ya vikao:

`mv ~/.local/share/rstudio ~/rstudio_ya_zamani`

Amri hiyo inabadilisha jina tu, haihitaji nafasi, kwa hiyo inafanya kazi hata diski ikiwa imejaa pomoni. Ukishaingia, nenda kwenye mipangilio ya jumla ya RStudio, uzime kurudisha `.RData` wakati wa kuanza na uchague isihifadhiwe kamwe wakati wa kutoka. Data unayoitaka ihifadhi kwa `saveRDS()`, kwa jina unalolijua.

Data yangu itakula RAM kiasi gani?

Hili ndilo swali linalookoa watu wengi, na hesabu yake ni nyepesi. R huweka jedwali lote kwenye RAM. Namba yenye desimali ni baiti 8, namba kamili ni baiti 4, na `factor` ni baiti 4 kwa kila mstari.

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Chukulia una jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu. Safu moja ya desimali ni 61,741,120 × 8, yaani takriban MB 494. Safu 20 za namna hiyo ni karibu GB 9.9. Kwa seva ya GB 512 hiyo ni kidogo, na hapo ndipo mtu anapojiamini na kuendesha `lm()`.

Sasa tazama kinachotokea. Umeweka mkoa kama kigezo. Tanzania ina mikoa 31, kwa hiyo safu moja ya mkoa, iliyokuwa MB 247 tu kama `factor`, inafunguliwa kuwa safu 30 za sifuri na moja, kila moja ikiwa na baiti 8 kwa mtu. Hiyo ni GB 14.8 kwa kigezo kimoja. Ukizidisha mkoa na kundi la umri, zidisha na safu pia. Kisha `lm()` inatengeneza nakala nyingine ya matriki yote hiyo kwa ajili ya hesabu yake ya ndani, na inabaki nayo ndani ya matokeo. Ndiyo maana data "inafunguka vizuri" lakini regresheni inaua kikao.

Kanuni ya mkononi: andaa RAM mara tatu ya ukubwa wa jedwali kwa kazi ya kawaida ya kusafisha, na kwa modeli hesabu safu za vigezo baada ya kufunguliwa. Kupunguza mzigo:

Soma safu unazozihitaji tu, kwa mfano `fread("kaya.csv", select = c("mkoa", "umri", "uzito"))`. Geuza CSV kuwa Parquet (faili linalohifadhi data safu kwa safu) mara moja, halafu chuja kwa kifurushi cha arrow au duckdb kabla data haijaingia R. Kama vigezo vyote ni vya makundi, jumlisha kwanza: mistari milioni 61 ya mikoa, jinsia na makundi ya umri inaweza kushuka hadi mistari elfu chache yenye idadi, na modeli ya logiti iliyopewa idadi hizo inatoa makadirio yale yale. Na jaribu kwanza kwa asilimia 1 ya mistari, ukipima kwa `object.size()` na saa.

Skrini imeandika `Killed`. Nani ameua kazi yangu?

Linux yenyewe. RAM ikiisha, kiini cha mfumo (kernel) huchagua mlaji mkubwa na kumpa ishara ya 9, isiyo na rufaa. Kwenye skripti utaona namba ya kutoka 137, yaani 128 kujumlisha 9. Ndani ya RStudio kikao kinavunjika tu. Kwenye Slurm hali inaandikwa `OUT_OF_MEMORY`, na hapo angalau imekufa kazi yako peke yake. Nje ya foleni, anayeuawa anaweza kuwa mwenzako aliyekuwa hana kosa.

`cannot allocate vector of size` ni jambo jingine kidogo: R iliomba kipande kingine ikanyimwa. Ukubwa unaotajwa ni wa kipande hicho cha mwisho. Usidhani ulikosa GB 3 tu.

Nitumie viini vingapi?

Vichache kuliko unavyofikiria, na kwanza ujue unatumia vingapi sasa. Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata wazoefu.

Tuseme umeandika `mclapply(..., mc.cores = 16)` ukikusudia viini 16. Ndani ya kila mfanyakazi (nakala ya R inayofanya sehemu ya kazi) kuna hesabu ya matriki. R ikiwa imeunganishwa na OpenBLAS, maktaba hiyo kwa kawaida huona viini vyote 64 na kufungua nyuzi 64 (mikondo ya hesabu inayokwenda sambamba). Wafanyakazi 16 mara nyuzi 64 ni nyuzi 1,024 zinazogombania viini 64. Ukifungua `htop` utaona mistari yote imejaa rangi nyekundu na kijani, wastani wa mzigo uko kwenye mamia, na kazi inakwenda polepole kuliko ingekwenda kwa kiini kimoja, kwa kuwa muda unaishia kwenye kupokezana zamu. Nyekundu nyingi katika `htop` ni dalili ya hilo: ni muda wa mfumo, si wa hesabu yako.

Kabla ya kufungua R, andika:

`export OMP_NUM_THREADS=1`
`export OPENBLAS_NUM_THREADS=1`

Kisha gawa kazi kwa upande mmoja tu: ama wafanyakazi wengi wenye uzi mmoja, ama mfanyakazi mmoja mwenye nyuzi kadhaa. Kifurushi cha data.table nacho, kisipoambiwa, huchukua nusu ya viini vya mashine, kiambie `setDTthreads(4)`.

Usitumie `detectCores()` kuchagua idadi. Inahesabu viini vyote vya mashine, haijali umepewa vingapi. Tumia `parallelly::availableCores()`, inayosoma mgao wa Slurm. Kumbuka pia kwamba `makeCluster()` inampa kila mfanyakazi nakala yake ya data uliyoisafirisha: jedwali la GB 10 kwa wafanyakazi 16 ni GB 160.

Kama seva yenu haina foleni, anzisha kazi ndefu kwa `nice -n 19 Rscript uchambuzi.R`. Itakimbia kwa nguvu zote viini vikiwa huru, na itawapisha wengine wakifika. `nice` haipunguzi RAM lakini, hilo ni jukumu lako.

Foleni ya Slurm inatumikaje?

Andika faili, tuseme `kazi.sh`:

```
#!/bin/bash
#SBATCH --job-name=vifo_watoto
#SBATCH --cpus-per-task=8
#SBATCH --mem=40G
#SBATCH --time=06:00:00
#SBATCH --output=logi/%x_%j.out

export OMP_NUM_THREADS=1
Rscript uchambuzi.R
```

Itume kwa `sbatch kazi.sh`, ifuatilie kwa `squeue -u jina`, isimamishe kwa `scancel` na namba yake.

Makosa matatu hurudi kila wiki. La kwanza, folda `logi` haipo. Slurm haiitengenezi, kazi inakufa papo hapo bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Tengeneza folda kwanza. La pili, `--mem=40` bila herufi G ni MB 40, na R haiwezi kufanya kitu cha maana humo. La tatu, `--time=6` ni dakika 6, si saa 6.

Kazi ikiisha, angalia ilitumia nini hasa:

`sacct -j 4182 --format=JobID,State,Elapsed,MaxRSS,ReqMem`

`MaxRSS` ikisema GB 11 na wewe uliomba 40, mara nyingine omba 14. Kuomba kidogo kunakuletea zamu mapema, kwa sababu Slurm hupenyeza kazi ndogo kwenye nafasi zilizobaki kati ya kubwa. Kuomba kidogo mno kunakuua. Akiba ya asilimia 25 hadi 30 juu ya kilichotumika inatosha.

Ukiwa na kazi moja ya kurudia mara 100, mathalani sampuli za bootstrap, usitume mafaili 100. Tumia `#SBATCH --array=1-100%10`: kazi mia, kumi kwa wakati mmoja, na R itajua zamu yake kwa `Sys.getenv("SLURM_ARRAY_TASK_ID")`.

Kazi imekaa `PD` (inasubiri) tangu asubuhi.

Tazama mabano ya mwisho kwenye `squeue`. `Resources` maana yake wewe ndiye unayesubiri nafasi ipatikane. `Priority` maana yake kuna walio mbele yako. `ReqNodeNotAvail` mara nyingi ni matengenezo yaliyopangwa: kazi uliyoiombea saa 48 haiwezi kuanza kama seva itazimwa baada ya saa 30. Punguza `--time` kama kweli haihitaji saa zote hizo.

Seva inaonyesha saa tofauti na ya ukutani.

Seva nyingi zimewekwa kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia), na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Andika `date` uone. Tangazo la matengenezo la "20:00 UTC" ni 23:00 kwetu, yaani saa 5 usiku, wala si saa 2. Ukipanga kazi kwa cron (programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba) ianze saa 2 usiku kwenye seva ya UTC, andika 17 mahali pa saa.

Jambo hili lina uzito zaidi ndani ya data. Mtoto aliyezaliwa saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 5, R ikisoma kwa UTC, atawekwa tarehe 4 saa 22:00. Ukikata tarehe hapo, umri kwa siku unaongezeka moja, na katika uchambuzi wa vifo vya wiki ya kwanza siku moja ni kubwa mno. Taja eneo waziwazi: `as.Date(muda, tz = "Africa/Dar_es_Salaam")`. Kwa data ya madodoso hakikisha pia wasaili waliandika saa kwa mtindo mmoja. "Saa 3" ya msailiwa ni 09:00 au 21:00, kamwe si 03:00.

Kifurushi kinakataa kusakinishwa.

`install.packages()` huweka vifurushi kwenye folda yako, huhitaji ruhusa ya msimamizi. Kinachokwamisha ni maktaba za mfumo. Ukiona `gdal-config not found` unaposakinisha sf, mwombe msimamizi, kwa Ubuntu au Debian, `libgdal-dev`, `libgeos-dev`, `libproj-dev` na `libudunits2-dev`. Mtajie majina yote kwa pamoja, vinginevyo mtapokezana ujumbe mara nne.

Kosa la `'configure' exists but is not executable` huwa linasema kwamba `/tmp` imezuiwa kuendesha programu. Toka R, andika `mkdir -p ~/tmp` na `export TMPDIR=~/tmp`, kisha fungua R tena.

R ikipandishwa kutoka 4.3 kwenda 4.4 vifurushi vyako "vitapotea". Vipo, ila folda imetajwa kwa toleo. Mradi unaoelekea kuchapishwa uwe na renv (kifurushi kinachotunza matoleo ya vifurushi vya mradi) tangu mwanzo.

Stata je?

`stata-mp -b do uchambuzi.do` huendesha bila dirisha na kuandika `uchambuzi.log` kwenye folda uliyopo. Leseni ya Stata/MP hununuliwa kwa idadi ya viini. Seva kuwa na 64 hakuifanyi Stata ya viini 4 itumie zaidi ya 4. Leseni ya mtandao pia ina idadi ya watu kwa wakati mmoja, basi usiache dirisha wazi ukienda chakula cha mchana. Andika `compress` mara baada ya kufungua data. Namba za ndiyo na hapana zilizohifadhiwa kama `double` hushuka kutoka baiti 8 hadi 1.

Mafaili makubwa nayapandishaje kwa intaneti inayokatika?

`rsync -avP kaya.csv jina@seva:/data/miradi/lishe/`

Ikikatika, rudia amri ile ile, itaendelea ilipofika. `scp` huanza upya. Bana CSV kwa gzip kwanza, mara nyingi unaokoa sehemu kubwa ya kifurushi chako cha intaneti, na `fread` inasoma `.gz` moja kwa moja ukiwa na kifurushi cha R.utils.

Skripti iliyoandikwa Windows ikileta `/bin/bash^M: bad interpreter`, ipitishe kwenye `dos2unix`. Na kwenye Linux `Kaya.csv` na `kaya.csv` ni mafaili mawili.

Mwenzangu wa mradi hawezi kufungua faili langu.

Usimwekee `chmod 777`. Hiyo inawapa watu wote wa seva ruhusa ya kusoma, kubadilisha na kufuta. Folda ya mradi iwe ya kikundi:

`chgrp -R lishe /data/miradi/lishe`
`chmod -R g+rwX,o-rwx /data/miradi/lishe`
`find /data/miradi/lishe -type d -exec chmod g+s {} +`

X kubwa huruhusu kuingia kwenye folda bila kugeuza CSV kuwa programu, na `g+s` hufanya faili jipya lirithi kikundi cha folda. Kila mwanakikundi aongeze `umask 007` kwenye `~/.bashrc` yake. Faili linaloletwa kwa `mv` kutoka nyumbani huja na kikundi chake cha zamani. Lililoletwa kwa `cp` huchukua cha folda. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi.

Data yenye majina na namba za simu inaruhusiwa?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya mwaka 2019, na kibali chako cha maadili kina masharti yake. Tenganisha utambulisho na majibu kabla ya kupandisha: faili la majina, simu na namba ya kaya libaki mahali palipofungwa, na seva ipate namba ya utafiti tu. Kuondoa majina peke yake hakutoshi. Kijiji, umri, kazi na idadi ya watoto vikikutana vinaweza kumtaja mama mmoja tu, na alizungumza na msaili kwa kuamini hatatajwa. Viwianishi vya GPS vya kaya ni utambulisho sawasawa na jina.

Nimefuta faili.

`rm` haina kapu la taka. Acha kila kitu na umwandikie msimamizi njia kamili ya faili na saa uliyoliona mara ya mwisho. Nakala rudufu za usiku zinaweza kuwa nalo. Vilivyoko `/scratch` na `/tmp` kwa kawaida havina nakala na husafishwa. RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) nayo hulinda dhidi ya diski kufa, kufuta kwako inakutekeleza kwenye diski zote kwa uaminifu. Misimbo iweke kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili).

Umeme ukikatika?

UPS (betri ya akiba) hununua dakika za kuzima seva kwa utaratibu, kazi yako haiokoi. Kazi ya zaidi ya saa mbili ihifadhi hatua zake:

```
saveRDS(matokeo, "hatua.tmp")
file.rename("hatua.tmp", "hatua.rds")
```

Ukiandika moja kwa moja juu ya `hatua.rds` na umeme ukakatika katikati, unabaki na faili bovu na la zamani limeshapotea. Kwa njia hii, la zamani linakaa hadi jipya limekamilika. Mwanzoni mwa skripti weka `if (file.exists("hatua.rds"))` ili iendelee ilipoishia.

Matokeo ya seva hayalingani na ya laptop, na `set.seed()` ni ile ile.

Linganisha `R.version.string` za pande zote. R 3.6.0 ya mwaka 2019 ilibadilisha namna `sample()` inavyochagua, na R 4.0.0 ya mwaka 2020 iliacha kugeuza maandishi kuwa `factor` yenyewe. Kwa kazi za viini vingi tangulia na `RNGkind("L'Ecuyer-CMRG")`. Tofauti inayoanzia kwenye tarakimu ya kumi na mbili ni ya maktaba za hesabu, iache.

Nikiomba msaada niandike nini?

Amri uliyoiandika, ujumbe wa kosa wote kama maandishi (picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haiwezi kutafutwa wala kunakiliwa), namba ya kazi ya Slurm, saa lilipotokea, na `sessionInfo()` kama ni R. Usibandike mistari ya data halisi.

Ninamaliza mkataba. Mafaili yangu yatakuwaje?

Akaunti ikifungwa, folda ya nyumbani hufungwa nayo, na msimbo ambao kikundi kizima kinautegemea unaweza kubaki humo ndani. Futa kazi za cron kwa `crontab -r`, ondoa kwenye folda ya mradi nenosiri lolote la hifadhidata lililoandikwa ndani ya skripti, na data uliyopewa kwa makubaliano ya kuiharibu mwisho wa utafiti mwombe msimamizi aiondoe pamoja na nakala zake rudufu. Kisha toa orodha ya vilivyo vyako nje ya nyumbani:

`find /data -user jina > ~/vyangu.txt 2>/dev/null`

Itume kwa msimamizi wiki mbili kabla ya kuondoka, ukiandika kando ya kila folda nani aikabidhiwe. Kubadilisha mmiliki wa faili kwenye Linux huwezi kukufanya mwenyewe. Anaweza yeye tu.